Kizuia moto hakifanyi kitu kisiungue

Wengi wakisoma kwenye lebo ya sofa au ya waya wa umeme kwamba kitu kimewekewa kizuia moto, hudhani kuwa hakiungui kamwe. Kinaungua. Kazi ya kemikali zinazoitwa vizuia moto ni kuchelewesha kitu kushika moto na kupunguza kasi ya moto kuenea, ili waliomo ndani wapate dakika chache za kutoka.

Haidroksidi ya alumini, inayochanganywa katika maganda ya nyaya, ikifikia takriban nyuzi 200 za Selsiasi huanza kuvunjika na kutoa mvuke wa maji, na kuvunjika huko kwenyewe hufyonza joto ambalo lingeivunja plastiki kuwa gesi za kuwaka. Misombo ya fosforasi huufanya uso wa kitu kuwa tabaka la mkaa linalokinga kilicho chini yake. Ile ya bromini, iliyozoeleka katika bodi za saketi, hufanya kazi ndani ya mwali wenyewe kwa kunasa chembe tendaji zinazoendeleza mwako. Nayo ndiyo yenye lawama nyingi zaidi, na kwa haki, kwani Mkataba wa Stockholm, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti kemikali sumu zinazodumu, uliorodhesha baadhi yake mwaka 2009 kwa kudumu katika mazingira na kujilimbikiza mwilini.

Moto ukishakuwa mkubwa, zote huzidiwa, na moshi wenye sumu hutoka vilevile.