Mstafeli Wako Unachanua Lakini Hauzai? Chungulia Ndani ya Ua

Mama mmoja wa Kisauni alinipigia simu mwezi wa tisa. "Mwanangu, mstafeli wangu wamwaga maua kila siku, chini pamejaa, na tunda hata moja silioni. Au umetiwa jicho?" Nina miaka 17 katika kazi ya miche ya matunda, kitalu changu kiko Mtongwe, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote. Asubuhi iliyofuata nilivuka feri alfajiri na mapema, nikiwa na brashi ndogo ya kuchorea na kikopo kikavu cha vidonge.

Mti wenyewe ulikuwa umenyooka vizuri, urefu kama futi 15. Jicho halikuwapo. Kulikuwa na mambo mawili, na yote mawili nayakuta karibu kila nyumba ninayoitwa hapa Mombasa.

La kwanza liko ndani ya ua. Ukilishika ua la mstafeli utaona petali tatu za nje, nene kama ngozi, na nyingine tatu nyembamba ndani yake. Ukizibandua, katikati pana kibonge kidogo. Sehemu ya kike iko juu ya kibonge hicho, na ya kiume imekizunguka kwa chini. Sehemu hizi mbili haziamki pamoja. Ua linapoanza kufunguka, ya kike iko tayari, inang'aa na kunata kama iliyopakwa asali, lakini chavua, ule unga wa kiume wa ua, bado imefungwa. Chavua inapokuja kumwagika, ya kike imeshakauka. Kwa hiyo ua la mstafeli ni nadra kujizalisha lenyewe. Lahitaji chavua ya ua jingine lililolitangulia.

Kwao, katika nchi za joto za Amerika na visiwa vya Karibi, kazi ya kubeba chavua hufanywa na mbawakawa wadogo wanaofuata harufu ya ua na kujipenyeza baina ya petali. Nyuki hawana habari na ua hili, kwa hiyo kuweka mzinga karibu hakutakusaidia. Jina la stafeli lisikudanganye ukadhani mti ni wa Bahari Hindi. Jina tumelipata kutoka India, sitaphal, na huko ni jina la topetope. Mti ni mgeni, na mgeni huyu hakuja na wasaidizi wake wote. Ukiwa peke yake uani, umezungukwa na saruji na kuta, maua yake mengi huanguka bila kuguswa na mdudu yeyote.

Basi mkono wako ndio mdudu. Amka mapema, baina ya saa kumi na moja na saa mbili asubuhi. Tafuta maua yaliyokwisha kulegea, petali zinakaribia kuanguka, na ukiyagusa yanaacha unga wa krimu kidoleni. Yakung'ute juu ya kikopo kikavu. Kisha tafuta yaliyoanza tu kuachana petali za nje, ambayo ndani yake bado yanang'aa. Fungua taratibu kwa vidole viwili, chovya brashi katika ule unga, uzungushe juu ya kibonge chote. Zungusha hasa, usiguse mara moja ukaondoka. Stafeli moja ni vitunda vingi vilivyoshikana, na kila kimoja kinahitaji chavua yake. Ukiona sokoni Kongowea stafeli lililopinda kiuno, upande mmoja umenona na mwingine umebonyea, mara nyingi chanzo ni chavua iliyofika upande mmoja tu.

Chagua maua yaliyo kwenye shina na matawi manene. Tunda linaweza kufika kilo 4 na zaidi, na tawi jembamba halitalihimili. Baada ya hapo subiri. Kitunda kinaweza kubaki kidogo vilevile kwa wiki nyingi, mpaka ukadhani kimekufa, kisha kikaanza kunenepa. Mama wa Kisauni alinipigia mara tatu katika kipindi hicho, na kila mara nilimwambia asikiguse. Sasa kazi ya brashi anaifanya mjukuu wake wa kike kabla ya kwenda shule, na ana mkono mwepesi kuliko wangu.

Jambo la pili lilikuwa majani, na hapa naomba unisikilize kwa makini zaidi.

Nusu ya chini ya mti ule ilikuwa uchi. Majirani walikuwa wanapita asubuhi na jioni kuchuma, huyu wa presha, huyu wa sukari, huyu wa usingizi, na mwenyewe hakuweza kumnyima mtu dawa. Naelewa. Nami nimekulia nyumba ambayo chai ya majani ya mstafeli ilichemshwa mtu akikosa usingizi. Lakini jani ndilo jiko la mti. Mti unaovuliwa majani kila siku hutumia nguvu zake zote kuota mengine, na maua yanakuwa ya kumwaga tu. Nilimshauri afunge mlango kwa miezi mitatu. Baada ya hapo, anayeomba apewe majani machache yaliyokomaa, kutoka matawi tofauti, na ncha changa zisiguswe kabisa. Mti uliopigwa dawa ya wadudu majani yake yasinywewe.

Kuhusu majani haya kuwa dawa, nitasema ninavyowaambia wateja uso kwa uso. Majani, mbegu na hata nyama ya stafeli zina kemikali za kundi la asetojenini, na mojawapo ni anonasini. Katika maabara, kemikali hizi zimeua seli za saratani kwenye vyombo. Hapo ndipo habari ilipoanzia, na hapo ndipo wauzaji wa vipakti barabarani walipoidaka. Kutoka chombo cha maabara hadi mwili wa mgonjwa ni safari ndefu, na hakuna majaribio kwa watu yaliyoonyesha kwamba mstafeli unaponya saratani. Namfahamu mteja wangu aliyeacha kwenda kliniki kwa miezi minne akinywa majani peke yake, majani niliyomuuzia mimi mche wake. Aliporudi hospitali uvimbe ulikuwa umesambaa. Tangu siku ile simuuzii mtu mche wa mstafeli kabla sijamuuliza anautakia nini.

Tena ipo habari ya kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibi. Mwaka 1999 madaktari huko, akiwamo Dominique Caparros-Lefebvre, waliandika katika jarida la The Lancet kwamba wameona wagonjwa wengi kuliko kawaida wenye maradhi ya neva yanayofanana na Parkinson (ugonjwa wa mwili kutetemeka na kukakamaa), yasiyosikia dawa za kawaida, na kwamba wengi wao walikuwa walaji wakubwa wa matunda ya jamii ya stafeli na wanywaji wa chai ya majani yake. Anonasini ikaja kuonekana kuwa inadhuru seli za neva katika maabara. Hilo halijathibitisha kwamba stafeli ndilo lililowaumiza, na tunda moja moja halinitishi, nalila. Ninalokataa ni birika la majani kila siku, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu tu limeitwa dawa ya asili. Na kama unameza vidonge vya presha au vya sukari, mwambie daktari wako kuhusu chai hiyo kabla hujaongeza kikombe kingine.

Udongo na maji havinichukui muda mrefu, ila Mombasa ina mambo yake. Mizizi ya mstafeli haiendi chini sana, kwa hiyo haipendi kukauka wala kuzama. Chimba shimo la futi 2 kwa 2, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, na baada ya kupanda tandaza majani makavu au makumbi ya nazi, mbali kidogo na shina. Upande wa Nyali na Bamburi, ambako chini ni mawe ya matumbawe, majani machanga hugeuka njano huku mishipa imebaki kijani. Mti unakosa madini ya chuma, ambayo udongo wa chokaa hauyaachii. Samadi na mboji kwa wingi husaidia. Ncha za majani zikiungua kahawia, onja maji unayomwagilia. Visima vyetu vingi vina chumvi, na mstafeli hauivumilii. Mche mdogo upe maji ya mfereji au ya mvua uliyokinga, hata kama ni lita chache.

Upande mahali ambapo ukuta au mnazi unaukinga na upepo wa kusi, kwani matawi yake huvunjika kirahisi. Wadudu weupe kama pamba wakijikusanya kwenye tunda, angalia sisimizi wanaopanda shinani. Wanawalinda wale weupe ili wapate utamu wao. Osha tunda kwa maji yenye sabuni kidogo, kata matawi yanayogusa ukuta, na sisimizi wakikosa njia kazi yako itapungua nusu. Wakati wa masika, matunda yaliyooza meusi yaondoe mtini na uyazike, kwa sababu ukungu hurudi kutoka humo humo.

Stafeli halingojwi liivie mtini, litaanguka na kupasuka, au popo watakutangulia. Likate likiwa bado gumu, ngozi imeanza kufifia kutoka kijani kibichi kuelekea njano, na miba imeachana. Ukiliweka ndani ya nyumba siku 3 hadi 5, litalainika. Menya, toa mbegu zote kwa mkono, kisha ndipo usage sharbati. Usitie mbegu kwenye blenda hata moja. Zina sumu, na maji yake yakiingia jichoni yanaumiza vibaya, kwa hiyo watoto wasizichezee.

Mbegu hizo hizo ndizo miche yako ya kesho. Zioshe utelezi wote, ziloweke siku nzima katika maji ya vuguvugu, uzitupe zinazoelea. Zilizozama zipande kina cha kidole kimoja ndani ya mfuko wenye mchanga na mboji, kivulini. Kwa kawaida huchomoza baina ya siku 15 na 30, na mti uliotunzwa huanza kuzaa mwaka wa 3 hadi wa 5. Ukifika hapo, brashi na kikopo viwe tayari.