Tommy Guerrero hakutundika daluga: dhana potofu kuhusu mcheza sketibodi aliyeshika gitaa

Kisa cha Tommy Guerrero wa San Francisco husimuliwa kwa pumzi moja: kijana alikuwa nyota wa sketibodi, ule ubao wa magurudumu manne, umri ukasogea, akatundika daluga, akashika gitaa. Kinasimulika vizuri, ndiyo maana kimeenea. Ila karibu kila kiungo chake kimekaa vibaya, na anayekiamini huishia kuusikiliza muziki wenyewe vibaya vilevile.

Dhana: Aliacha ubao, ndipo akaingia kwenye muziki

Guerrero alizaliwa 1966. Kabla hajaanza kulipwa kwa kuteleza tayari alikuwa akipiga gitaa la besi katika bendi ya panki, yaani roki ya kasi na kelele, iliyoitwa Free Beer, yeye na kaka yake. San Francisco ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 panki na sketibodi zilikuwa na vijana walewale. Uliyemwona mchana akiparaza ukingo wa barabara kwa ubao, usiku ungemkuta ukumbini, jukwaani au chini yake. Kote kuwili hakukuwa na kocha wala mwalimu: unatazama wenzako, unajaribu, unaanguka, unarudia.

Albamu yake ya kwanza, Loose Grooves & Bastard Blues, ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1990. Tangu ubao umpe jina hadi hapo ilikuwa imepita zaidi ya miaka kumi, na muda wote huo hakukaa bure. Mwaka 1990 yeye na mcheza sketibodi mwenzake, Jim Thiebaud, walianzisha Real, kampuni ya mbao za sketibodi iliyo chini ya kampuni ya usambazaji ya Deluxe, hapohapo San Francisco. Kwa hiyo aliyetoa albamu ile alikuwa mtu mwenye kampuni, aliyekuwa bado ndani ya sketibodi mpaka shingoni. Ukitafuta siku aliyohama kutoka huku kwenda kule hutaiona.

Dhana: Rampu ndiyo mchezo wenyewe, barabarani ni kwa walioshindwa

Hii imetokana na picha tulizozoea. Timu ya Bones Brigade ya kampuni ya sketibodi ya Powell Peralta, chini ya Stacy Peralta, ilikuwa na Tony Hawk, Steve Caballero, Mike McGill, Lance Mountain, Rodney Mullen na Guerrero. Picha za magazetini zilimpenda Hawk akiwa hewani juu ya rampu, ule mteremko uliojengwa ukapinda kwenda juu. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanja vya zege vya sketibodi vya Marekani vilianza kufungwa kimoja baada ya kingine, na sababu kubwa ilikuwa bima: mtoto akivunjika mkono, mwenye kiwanja anapelekwa mahakamani. Waliobaki na mbao zao wakabaki na lami tu.

Na lami ya San Francisco ina vilima. Katika video ya Future Primitive ya 1985, Guerrero anaonekana akiteremka mitaa ile. Mahali ambapo njia ya waenda kwa miguu inainuka kidogo ili gari liingie gereji, kwake ni rampu. Ukuta unaokuja anauparaza na kurudi chini. Ukingo ukifika anaruka, na anapotua mteremko unamsukuma tena. Hakuna nafasi ya kusimama na kujipanga, kila anachofanya lazima kimpeleke kwenye kinachofuata. Kilichowezesha mengi ya haya ni mruko wa kuinua ubao bila kuushika kwa mkono. Alan Gelfand wa Florida aliugundua mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwa kwenye kuta za zege, na Mullen akauhamishia kwenye sakafu tambarare miaka michache baadaye.

Ndiyo maana nasema video ile ilikuwa na uzito kuliko mruko wowote wa rampuni. Rampu inataka mbao, fedha na ua mpana. Ukingo wa barabara kila mtoto wa mjini alikuwa nao mlangoni.

Dhana: Mbao zilimtajirisha, muziki ni starehe ya tajiri

Mchezaji wa kulipwa wa enzi zile aliishi hasa kwa mrabaha, yaani fungu dogo kwa kila ubao wenye jina lake unaouzwa. Ubao wa Guerrero, ule wenye kisu kinachowaka moto, ulijulikana sana. Ila mrabaha ni mtamu soko likichangamka tu. Kuanzia karibu 1990 mauzo ya sketibodi yaliporomoka: uchumi wa Marekani ulidorora, na ladha ya vijana ikawahama nyota wa rampu. Tony Hawk mwenyewe amesimulia siku alizowekewa dola 5 tu za chakula kwa siku. Huyo ndiye aliyekuwa juu ya wote.

Dhana: Muziki usio na maneno ni biti inayomsubiri mwimbaji

Hapa ndipo napenda kubishana, maana sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi hatuna kisingizio. Sebene ni nini? Mwimbaji ananyamaza, magitaa yanabaki yenyewe, na hapo ndipo viti vinabaki vitupu. Sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba sebene linangoja mashairi.

Msikilize Guerrero kwa sikio hilohilo. Wimbo wake hubebwa na besi: sauti chache zinazojirudia, na kati yake nafasi za kutosha. Gitaa la rithimu linakuja na mikato mifupi. Kisha gitaa la solo linaingia bila papara, linasema neno lake kwa sauti nne au tano, linanyamaza, linarudi likiwa limebadilisha moja tu. Humo utasikia blues, funk, jazz na muziki wa Amerika ya Kilatini, lakini hakuna hata kimoja kinachoshika usukani kwa muda mrefu. Nyingi kati ya ala hizo anazipiga mwenyewe, safu juu ya safu, na zile rekodi za mwanzo zina ule ukwaruzo wa vifaa vya nyumbani. Anayetafuta vidole vya kasi ataondoka mikono mitupu. Kwa masikio yangu huyu ni mpiga besi hata anaposhika solo.

Pia wapo wanaodhani nyimbo hizo ni vipande vilivyokatwa kwenye santuri za watu wengine. Chanzo cha dhana hiyo ni lebo. A Little Bit of Somethin' ya mwaka 2000 na Soul Food Taqueria ya 2003 zilitoka chini ya Mo' Wax, lebo ya London ya James Lavelle, ileile iliyotoa kazi za DJ Shadow, fundi hasa wa kuunganisha vipande vya santuri. Mlango mmoja, ufundi tofauti. Wala Guerrero hakuapa kuikwepa sauti ya binadamu, kwani hapa na pale katika albamu zake mtu huimba au huchana.

Dhana: Amebebwa na jina

Pana chembe ya ukweli. Wacheza sketibodi ndio waliompokea kwanza, na msikilizaji wa aina hiyo bado yupo kwenye maonyesho yake, Japani ikiwemo, ambako anapendwa sana. Lakini jina hubeba albamu moja, labda mbili. Road to Knowhere ilitoka 2018 na Sunshine Radio 2021, zikasikilizwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ubao wa kisu cha moto ukiuzwa.

Dhana: Ni kisa cha mtu mmoja wa ajabu

Ray Barbee naye alitokea Powell Peralta, mcheza barabarani mwenye miguu laini kuliko wengi, naye pia akageukia gitaa lisilo na maneno. Albamu yake In Full View ni ya 2005. Kipande kilichomtangaza kipo katika video ya Public Domain ya 1988, na muziki unaosikika pale ni wa McRad, bendi ya Chuck Treece wa Philadelphia, ambaye naye alikuwa mcheza sketibodi. Miaka mingi baadaye Guerrero, Barbee na Treece walikutana katika kundi moja, BLKTOP Project, wakipiga muziki wa ala.

Huyo Treece huenda umeshamsikia bila kujua. Besi iliyo kwenye "The River of Dreams" ya Billy Joel, wimbo uliozunguka redio za dunia nzima mwaka 1993, aliipiga yeye.