Je, Wajua Kwa Nini Albamu Nyingi Tunazozipenda Zina Dakika 40 Hivi?

Arusha ubishi wa albamu hauishi. Pita saluni za Ngarenaro, pita vijiwe vya bodaboda Kijenge au Sanawari, utaukuta. Chalii mmoja anaapa kwamba hakuna kilichowahi kumpita Tupac. Mwenzake anashikilia Bob Marley. Mzee aliyekuja kunyolewa ndevu anawasikiliza mpaka anachoka, kisha anawaambia hawajui muziki, wakamtafute Franco wa Kongo kwanza. Na kama kuna mama wa duka jirani, taarab nayo itapata wakili wake.

Sasa chukua karatasi, ziandike albamu wanazozitaja, kisha pembeni ya kila moja weka muda wake. Exodus ya Bob Marley and the Wailers, ya 1977, ina dakika 37 hivi. Thriller ya Michael Jackson, ya 1982, ina 42. Kind of Blue ya Miles Davis, ya 1959, haivuki sana 45. Illmatic ya Nas, ya 1994, ni kama 40. Rege, pop, jazz na hip hop: watu wasiofahamiana, miji tofauti, miaka 35 kati ya ya kwanza na ya mwisho, na bado wote wanaangukia palepale. Kwa nini?

Sababu ni santuri, ile sahani nyeusi ya plastiki. Kipimo chake kiliwekwa kabla Michael Jackson na Nas hawajazaliwa.

Mpaka miaka ya 1940 sahani zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika 3 hadi 5 tu. Kazi ndefu ya okestra iliuzwa kwa sahani nyingi zilizopangwa kwenye jalada lenye mifuko, lililotengenezwa kama albamu ya picha. Juni 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ikatoa sahani mpya yenye upana wa sentimita 30 hivi, inayozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Upande mmoja sasa ukabeba dakika 22 hivi. Pande mbili zikafanya dakika 44. Mwaka uliofuata RCA Victor wakaja na sahani ndogo ya mizunguko 45, ya wimbo mmoja kila upande. Kwa hiyo kukawa na ndogo ya wimbo mmoja mmoja na kubwa ya albamu, na dunia nzima ikazifuata.

Hapa inafaa kusogea karibu na sahani yenyewe, maana mambo mengi tunayodhani ni mapenzi ya msanii yametoka humo. Muziki kwenye santuri umechongwa ndani ya mfereji mmoja mwembamba unaoanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati. Kwa dakika 22, mfereji huo unazunguka zaidi ya mara 730, na yote hiyo inapaswa kuenea kwenye nafasi ya sentimita zisizozidi 9. Kati ya mzunguko na mzunguko panabaki sehemu ya kumi ya milimita, au zaidi kidogo.

Tatizo ni besi. Sauti nzito huufanya mfereji uyumbe kwa upana, na sauti ikiwa kubwa unayumba zaidi. Ni sawa na matuta ya shamba: ukiyapanua, shamba ni lilelile na idadi yake lazima ipungue. Fundi wa kuchonga sahani alikuwa na uchaguzi mmoja tu. Akitaka besi nene na sauti kubwa, apunguze dakika. Akitaka dakika nyingi, sauti inywee. Ndiyo maana upande wa dakika 18 au 20 ulipendwa kuliko wa dakika 25, hasa kwa muziki unaotembea juu ya besi kama rege na disko.

Quincy Jones, aliyeitayarisha Thriller, aliwahi kusimulia jinsi jambo hili lilivyowabana. Walipomaliza kazi na kuisikiliza, walikuta muda umezidi na sauti imepwaya. Ikabidi warudi studio. Walikata ubeti kwenye wimbo wa The Lady in My Life, wakafupisha mwanzo wa Billie Jean, jambo ambalo Michael hakulipenda hata kidogo. Nyimbo zikabaki tisa. Albamu iliyokuja kuuzwa kuliko zote duniani ilipunguzwa ili mfereji upate nafasi ya kutikisika.

Kuna jambo lingine, na hili mimi nalipenda zaidi. Sahani inazunguka kwa kasi moja muda wote, lakini mzunguko wa nje una urefu wa sentimita 90 hivi, na ule wa ndani kabisa, karibu na karatasi ya jina, hauzidi sana 40. Yote miwili hupitiwa kwa muda uleule wa sekunde 1.8. Maana yake, kule ndani muziki umebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Matoazi na zile "s" za mwimbaji zinaanza kukwaruza. Kwa hiyo mafundi walipendelea wimbo wenye nguvu uwe mwanzoni mwa upande, na wa taratibu ufungie upande. Itazame Kind of Blue: upande wa kwanza unafungwa na Blue in Green, wa pili na Flamenco Sketches, zote mbili nyimbo za pole kabisa. Thriller nayo inaishia kwa wimbo wa mapenzi wa taratibu. Mazoea hayo yaliganda, na mpaka leo msanii anayetoa albamu ya mtandaoni, isiyo na mfereji wala sindano, mara nyingi anaanza kwa kishindo na kumaliza kwa upole.

Pande mbili pia zilitoa nafasi ya kupanga maana. Hapo Exodus ni ya kusikilizwa kwa makini. Marley alipigwa risasi nyumbani kwake Kingston Desemba 1976, akaondoka Jamaika, na albamu hiyo akairekodi London. Upande wa kwanza ni wa dini, siasa na kisasi cha Mungu: Natural Mystic inaingia polepole kutoka kimyani, na mwisho unakuja wimbo wa Exodus wenyewe, zaidi ya dakika saba za watu kutembea. Unaigeuza sahani. Upande wa pili unafunguka na Jamming, kisha mapenzi, kisha Three Little Birds, na One Love inafunga. Hasira yote imewekwa upande mmoja na faraja upande mwingine, na katikati msikilizaji ananyanyuka kwenda kugeuza. Na angalia: kwenye upande wa kwanza Marley hakumaliza kwa upole. Aliweka wimbo mrefu na mzito palepale ambapo fundi angetamani kitu laini, na ndipo hasa ulipotakiwa kukaa. Mwaka 1999 jarida la TIME liliitaja kuwa albamu bora ya karne.

Kwa msafiri wa Coaster kutoka Arusha kwenda Moshi, kilomita 80 hivi, upande wa kwanza unakwisha mkiwa maeneo ya Tengeru, na One Love inamalizika mnakaribia Usa River. Ni fupi kuliko unavyoikumbuka.

Rumba ya Kikongo haikukaa vizuri kwenye kipimo hiki. Wimbo wa rumba una sehemu mbili: kwanza maneno, taratibu, kisha magitaa yanachanganya na watu wanaingia kucheza, ile sebene ambayo wanamuziki wa Tanzania waliiita chemko. Kwenye sahani ndogo yenye dakika nne au tano kila upande, wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza huku, ya pili kule. Bendi nyingi za Afrika Mashariki zilitoa nyimbo zao hivyo. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walihamia hapa Arusha mwaka 1970 na kuanzisha Arusha Jazz, kisha wakavuka kwenda Kenya, ambako walikuja kuwa Simba Wanyika. Sahani za wakati huo zilichapwa Nairobi. Ukisikiliza leo mtandaoni nyimbo za zama zile, wakati mwingine wimbo unafifia katikati kama unaisha, kisha unaibuka tena na magitaa yakiwa yamepamba moto. Hapo ndipo mtu wa 1975 alipokuwa anageuza sahani. Bendi za Tanzania, kwa upande wao, nyingi zilirekodiwa na Radio Tanzania kwenye tepu kwa ajili ya kurushwa hewani, na tepu haikati mtu katikati ya chemko.

Sahani kubwa iliwapa pumzi waliotaka kwenda mbali. Fela Kuti, kwenye Zombie ya 1976, aliweka wimbo mmoja tu kila upande. Franco na TPOK Jazz mwaka 1985 walitoa Mario, wimbo wa dakika kama 14 juu ya kijana msomi anayelelewa na mwanamke tajiri. Mzee wa saluni anapomtetea Franco, jambo moja liko wazi upande wake: kisa cha namna hiyo hakisimuliki kwa dakika tatu.

Kisha kanda. Philips waliitoa mwaka 1963, na huku kwetu ndiyo iliyotufikisha kwenye albamu zaidi ya santuri. Kanda ya dakika 60 ina 30 kila upande, ya 90 ina 45. Taarab ya kisasa ilikaa humo kama imeshonewa: nyimbo za dakika kumi na kitu, tano au sita, kanda imejaa. Kwaya za makanisa ya Kilimanjaro na Arusha zilijaza zao kwa nyimbo fupi nyingi. Bongo Fleva ilikulia kwenye kanda pia. Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, ya 2001, watu wengi waliipata kwa njia hiyo. Kuruka wimbo kwenye kanda ilikuwa kazi: upeleke mbele, usimamishe, usikilize, umepita, urudishe, na betri zinaisha. Wengi tulisikiliza mfululizo, hata nyimbo ambazo hatukuzipenda mwanzoni. Naamini hiyo ndiyo sababu albamu za kanda tunazijua mpaka pumzi ya mwimbaji. Wimbo wa nne upande wa pili, ambao leo ungerukwa kwa kidole, ulipewa mara kumi za kusikilizwa, na kwa wengi ukaja kuwa ndio wimbo wenyewe.

CD ilipoanza kuuzwa mwaka 1982 ilikuwa na nafasi ya dakika 74 hivi, na baadaye karibu 80, bila upande wa pili. Wasanii hawakukimbilia kuijaza mara moja, kwa kuwa santuri na kanda bado zilikuwa sokoni. Kufikia miaka ya 1990 walijaza. The Miseducation of Lauryn Hill ya 1998 inafika dakika 77. All Eyez on Me ya Tupac, ya 1996, ni CD mbili na nyimbo 27, zaidi ya saa mbili za muziki. Nafahamu naandika katika mji unaompenda Tupac, lakini naisema: ingepunguzwa nusu, ingekuwa juu zaidi ya hapo ilipo. Illmatic, iliyotoka miaka miwili kabla, ina vipande kumi tu, cha kwanza kikiwa utangulizi mfupi, na hakuna cha kutoa. Nas alikuwa na nafasi ya kuongeza nusu saa nyingine na hakuitumia.

Arusha yenyewe iliingia kwenye albamu za dunia wakati huo wa CD. X Plastaz walitoa Maasai Hip Hop mwaka 2004 kupitia Out Here Records ya Ujerumani, rap ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai ndani ya kazi moja. Ukiisikiliza wimbo mmoja mmoja, ile sauti ya Kimaasai inaweza kuonekana pambo tu. Ukiisikiliza mfululizo unaelewa kuwa imebeba kazi yote.

Baada ya hapo mpangilio ulivunjika. Zilikuja CD za MP3 zenye nyimbo mia na zaidi, kisha vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi, ambapo unataja jina la msanii na kijana wa kompyuta anakumiminia chochote alichonacho. Mitandao ya muziki nayo ina hesabu yake: Spotify inahesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Kwa hesabu hiyo, nyimbo nyingi fupi zinaleta zaidi kuliko chache ndefu. Scorpion ya Drake, ya 2018, ina nyimbo 25, na Heartbreak on a Full Moon ya Chris Brown, ya mwaka mmoja kabla, ina 45. Utangulizi mrefu wa gitaa unapotea, kwa hofu kwamba msikilizaji atahama kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Wapo wanaopinga. Novemba 2021, Adele alipotoa albamu yake iitwayo 30, aliiomba Spotify isichanganye mpangilio wa nyimbo bila kuombwa mtu anapofungua ukurasa wa albamu, na ombi likakubaliwa. Kwa hiyo ukitaka kuisikia Exodus kama ilivyopangwa, zima kitufe cha kuchanganya, sikiliza mpaka wimbo wa tano uishe, simamisha, nyoosha miguu kidogo, ndipo uiachie Jamming.