Mosi na zulia la kijani tangini: dhana potofu na ukweli wake

Wapambaji wa matangi ya samaki ya maji yasiyo na chumvi wana mazoea ya kutaja makundi mawili ya mimea kwa pamoja kana kwamba ni ndugu: mosi, yaani vile vimea vidogo visivyotoa maua vinavyoshika mawe na magogo, na mimea ya zulia, ambayo hutambaa chini ya tangi hadi kuifunika changarawe yote. Undugu huo haupo. Mosi haina mizizi ya kweli, ilhali mimea mingi ya zulia hutoa maua na ina mizizi kamili. Na sehemu kubwa ya ushauri potofu unaosambaa hutokana na kuyatunza makundi hayo mawili kwa namna moja.

Dhana ya kwanza hudai kwamba mosi hupandwa mchangani kama mche. Nyuzi zinazoonekana chini ya shina lake kazi yake ni kushika tu, na chakula huingia kupitia majani, ambayo kwa sehemu kubwa yana unene wa seli moja. Mosi iliyofukiwa huoza. Inayofungwa kwa uzi juu ya jiwe au gogo, tena kwa tabaka jembamba, hujishikiza yenyewe baada ya wiki kadhaa. Fundo nene linapendeza siku ya kwanza, lakini sehemu yake ya ndani hukosa mwanga, ikageuka kahawia na kubanduka. Ile mipira ya kijani iitwayo marimo, ambayo wauzaji huiweka kwenye kundi la mosi, ni mwani wa jamii ya Aegagropila linnaei, maarufu sana katika Ziwa Akan huko Japani.

Dhana yenye gharama kubwa zaidi ni kwamba zulia huhitaji taa kali, basi. Aliyefanya zulia la kijani kuwa tamaa ya wapambaji duniani kote ni Takashi Amano wa Niigata, Japani (1954–2015), na picha za matangi yake huonyesha mwanga mwingi. Kisichoonekana katika picha ni gesi ya kaboni dioksidi aliyokuwa akiiingiza majini. Gesi hiyo husambaa ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 kuliko hewani, na maji yaliyoachwa wazi kwa kawaida huwa na chini ya miligramu 1 kwa lita, wakati wanaokuza zulia hulenga takriban miligramu 30. Ukiongeza mwanga bila kuongeza kaboni, mmea hauwezi kuutumia mwanga huo, na anayefaidika ni mwani, ambao mahitaji yake ni madogo zaidi. Ndiyo maana mtu hununua taa ya pili na kuishia na tangi lenye utelezi wa kijani. Kwa maoni yangu, asiye na mtungi wa gesi aanze na taa ya wastani inayowaka saa sita hadi nane kwa siku, achague mimea mivumilivu kama Marsilea hirsuta, kisha akubali kusubiri miezi. Mchanganyiko wa sukari na hamira hutoa kaboni kweli, ila kiasi chake hupanda na kushuka kufuata joto, wala hauwezi kuzimwa usiku, wakati ambapo mimea nayo hupumua oksijeni na samaki huweza kuonekana wakitweta juu ya maji.

Kuhusu pakiti za mbegu za zulia zinazouzwa mtandaoni, sina neno la upole. Mimea halisi ya zulia, kama vile Hemianthus callitrichoides wa Kuba au Glossostigma elatinoides wa Australia na Nyuzilandi, huzalishwa kibiashara kwa vipande vya shina au kwa njia ya tishu, kama ifanyikavyo kwa migomba ya tishu. Kinachochipua kutoka kwenye pakiti hizo mara nyingi ni mmea wa nchi kavu au wa jamii ya Hygrophila: hupendeza kwa wiki chache, kisha ama hurefuka kupita kimo cha zulia, ama huoza kwa mkupuo na kuyachafua maji kwa amonia. Hatari nyingine iko nje ya nyumba. Hygrophila polysperma imo katika orodha ya magugu hatari ya serikali kuu ya Marekani, nasi tunaoishi jirani na Ziwa Victoria tunajua gugumaji, mmea wa mapambo kutoka Amerika Kusini, lilivyoziba mialo na njia za mitumbwi. Mabaki ya mimea ya tangini yakaushwe juani kabla ya kutupwa, na kamwe yasimwagwe mtoni.

Wengi huamini pia kwamba zulia linalonyauka majani siku chache baada ya kupandwa limekufa, nao huling'oa. Mimea mingi ya madukani hulelewa shambani majani yakiwa hewani. Ikizamishwa, majani hayo ya hewani hufa na mengine yaliyoumbwa kwa ajili ya maji huchipua kutoka shinani. Kabla ya kuhukumu, tazama shina na ncha za kukulia.

Mbolea nayo husingiziwa kuwa chanzo cha mwani. Mwani huishi kwa virutubisho vichache sana, hivyo kuyanyima maji mbolea huidhoofisha mimea kabla ya kuudhuru mwani wenyewe. Kinyume chake, wapo wanaodhani kwamba mosi nyingi huondoa haja ya kubadilisha maji. Mosi hufyonza nitrati, ni kweli, lakini pia hunasa mabaki ya chakula na kinyesi, na yasipotikiswa na kufyonzwa kwa mpira, huozea humo humo.

Joto la pwani lisisahaulike: mosi nyingi hupendelea maji ya nyuzi 20 hadi 25, wakati tangi la Dar es Salaam au Mombasa hufikia 29 bila kipasha joto chochote. Mosi ya Java huvumilia kuliko nyingi. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji husaidia zingine, ingawa maji yatapungua haraka na yatahitaji kujazwa. Na anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika aachane kabisa na wazo la zulia: Neolamprologus multifasciatus, anayeishi katika makombe ya konokono, huchimba mchanga kila siku na kuung'oa mmea wowote wenye mizizi mifupi. Kwake, mosi ya Java iliyofungwa juu ya jiwe itadumu.