Simu ya kila usiku haimtulizi mtoto aliye kambini

"Dokta, nimemnunulia simu. Nitampigia kila usiku mpaka azoee." Maneno haya nayasikia kila shule zinapokaribia kufungwa mwezi wa sita, kutoka kwa wazazi wa hapa Tanga wanaopeleka watoto kambi za kiangazi Uingereza na Ujerumani. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja.

Simu hiyo ndiyo inayomchelewesha kuzoea. Mchana mtoto ana wenzake, ana mpira, ana kuogelea. Kukumbuka nyumbani kunamjia jioni, ameshaoga na michezo imekwisha. Hapo ndipo video inapoita: anamwona bibi mkekani, sinia la wali katikati, mdogo wake anagombania simu. Mama anauliza, "Mbona unalia? Nani kakufanya nini?" Hakuna aliyemfanya kitu, alikuwa anajiandaa kulala! Mama anakata simu roho inamuuma, na anayebaki kubembeleza ni mlezi wa kambi. Kambi nyingi hukusanya simu siku ya kwanza, na wazazi huniambia ni ukatili. Si ukatili hata kidogo.

Baya kuliko simu ni ahadi: "Ukishindwa nitakuja kukuchukua." Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishaikataza ahadi hiyo katika mwongozo wake wa mwaka 2007, na mimi naikataza hapa. Mtoto akishaisikia anajua kwamba hata wewe humwamini, basi anaanza kuhesabu siku.

Mwandikie barua mbili tatu, uzitie kwenye begi lake. Na kabla ya safari mpeleke kwa shangazi yake Lushoto akalale siku tatu nne bila kupigiwa simu. Msimu huu Lushoto ina baridi ya kweli, kwa hiyo atajifunza pia kuvaa sweta bila kukumbushwa. Nawasihi sana mlifanye hili.

"Wangu jasiri, hatalia." Watoto wengi hukumbuka nyumbani siku za mwanzo, majasiri nao wamo. Anayetakiwa kutushtua ni yule anayeshindwa kula au kulala siku mfululizo. Huyo zungumza na mlezi wake kwanza.

"Hapati usingizi, kambi hiyo ina kasoro." Kasoro ni jua. London mwishoni mwa Juni linazama saa 3 usiku imeshapita, na mtoto wa Tanga amezoea saa 12 na nusu jioni limeshazama. Mtilie kwenye begi kitambaa cha kufunika macho.

"Malaria tumeiacha huku." Hapana, mzazi wangu. Vimelea vya huku kwetu kwa kawaida hukaa mwilini siku 7 hadi 14 kabla homa haijapanda, na wakati huo mtoto yuko kambini, kwa muuguzi ambaye atawaza mafua kwanza. Kwenye fomu ya afya andika kwa herufi kubwa kwamba ametoka eneo lenye malaria, na kwamba akipata homa apimwe damu siku hiyohiyo. Mwambie na mtoto mwenyewe alitamke neno hilo kwa muuguzi.