Kuvunja Dawa na Kuitoa: Kosa Dogo Kuhusu Ini la Mjamzito

Nimesikia mara nyingi mno, hata kwa watu waliosoma, kwamba ini la mjamzito "hutoa dawa polepole", na mara nyingi anayesema hivyo hazungumzii utoaji hata kidogo. Utoaji wa dawa kwa njia ya ini ni kazi ya seli za ini kuisukuma dawa, au mabaki yake, iingie kwenye nyongo, nayo nyongo humiminika utumbuni ili mzigo huo utoke na kinyesi.

Nadhani lawama kidogo ni ya neno lenyewe. Tulipofundishwa "utoaji wa takamwili" tulitajiwa figo, mapafu na ngozi, nyongo ikasahaulika. Kisha kitenzi "kutoa" kikabebeshwa na kazi ya kuvunja, ambayo ni umetaboli. Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kinapobadili umbo la dawa, dawa hiyo bado imo mwilini. Chukua lamotrijini, dawa ya kifafa: estrojeni, homoni inayoongezeka katika ujauzito, huchochea kimeng'enya cha ini kinachoiunganisha na asidi ya glukuroniki (kiambata cha jamii ya sukari kinachorahisisha dawa kutoka), kiwango chake katika damu hushuka, na daktari huenda akalazimika kuongeza dozi. Ini limeongeza kasi, halikupunguza, na aliyetoa mabaki ni figo. Kafeini huenda kinyume, kwa kuwa kimeng'enya CYP1A2 hupungua nguvu katika ujauzito, hata mwishoni mwa mimba ikakaa mwilini takriban mara tatu ya kawaida. Katika habari zote mbili, nyongo haihusiki kwa lolote la maana.

Nyongo ina kisa chake, kiitwacho kolestasisi, ambacho wengine hukitafsiri "kuziba kwa ini". Kigiriki hakikusema kuziba: kholē ni nyongo, na stasis ni kusimama. Katika kolestasisi ya ujauzito hakuna jiwe lililokwama njiani. Pampu za seli zenyewe ndizo zilizolegea. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba estradioli, aina mojawapo ya estrojeni, ikishaunganishwa na asidi ya glukuroniki husukumwa kwenye vijifereji vya nyongo, na ikishafika huko huizuia pampu ya chumvi za nyongo kutokea upande wa nje, mfano wa mgeni aliyesindikizwa hadi nje kisha akaushikilia mlango usifunguke. Kwa wajawazito wachache, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, asidi za nyongo hurundikana katika damu, viganja na nyayo zikawasha bila upele unaoleta mwasho huo, na hali hiyo hutulia baada ya kujifungua. Baadhi yao huipata tena wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Hapo ndipo dawa zinazotegemea sana nyongo, kama rifampisini ya kifua kikuu, zinapostahili kuangaliwa kwa swali la utoaji.

Kwa hiyo, ukitaka kusema kwamba ini la mjamzito ni la polepole, taja kwanza ni dawa gani, kisha useme kama kinachokawia ni kuvunjwa kwake au kutoka kwake.