Mbegu kupigwa mionzi: maswali yanayorudi kila siku, na majibu yake

Kila nikigusia kwamba baadhi ya mazao tunayokula yalianzia kwenye mbegu iliyopigwa mionzi, lazima mtu mmoja aruke, "kumbe ndo maana kansa zimejaa!" Basi leo nayajibu yote kwa pamoja, mengine kwa kirefu, mengine juu juu tu maana hayana mambo mengi.

Hivi kwanini mtu apige mbegu mionzi?

Ili kuharakisha kitu ambacho huwa kinatokea chenyewe. Seli yoyote ikigawanyika inanakili DNA yake (maelekezo ya urithi yaliyomo ndani yake), na kwenye kunakili makosa madogo madogo hayakosekani, mengi hayana faida wala hasara, mengine yanaua mmea, machache sana yanaleta kitu ambacho mkulima anakitaka, labda mmea mfupi usioangushwa na upepo au jani linalohimili ugonjwa. Shida ukikaa kuyasubiri yaje yenyewe utazeeka. Mwaka 1927 mwanasayansi Hermann Muller wa Marekani akaonyesha kwamba ukiwapiga nzi wa matunda eksirei, mabadiliko kwenye jeni yanaongezeka mno, na 1928 mwanasayansi mwenzake Lewis Stadler akaripoti kitu hicho hicho kwenye shayiri. Muller akaja kupewa Nobeli 1946.

Inafanyikaje? Si wanamwagia mbegu madude ya nyuklia?

Hamna kinachomwagwa. Mbegu kavu zinawekwa kwenye chombo, zinasogezwa kwenye miale ya gama (mionzi isiyoonekana, ndugu yake eksirei) inayotoka kwenye kobalti-60, madini yanayotoa mionzi, na hiyo kobalti yenyewe imefungiwa ndani ya chuma na imezungukwa na madini mazito ya risasi, haigusani na mbegu hata kidogo, muda ukiisha mbegu zinatolewa, basi. Dozi ya nafaka mara nyingi inachezea grei 100 mpaka 300 (grei ni kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini au kwenye mbegu). Hizo si ndogo, maana binadamu akipata grei 4 au 5 mwili mzima na asitibiwe, kupona au kufa ni nusu kwa nusu, ila mbegu kavu ina maji kidogo na seli zake zimelala kwa hiyo inavumilia. (Aliye hatarini hapa ni fundi anayefanya kazi na hiyo kobalti, ndo maana kuna kuta nene na vipimo vya kuvaa kifuani. Mlaji yuko mbali kabisa na hiyo stori.)

Kazi ngumu inakuja baada ya hapo na watu hawaijui. Mionzi haijui unataka nini, inakata DNA popote pale, halafu mmea unaiunga wenyewe na mara nyingine unakosea. Ukipanda kizazi cha kwanza unaona mimea imedumaa, mingine majani yana madoa meupe, na mabadiliko mengi bado yamejificha, mpaka kizazi cha pili ndo yanajitokeza, hapo watu wanapita mstari kwa mstari kwenye maelfu ya mimea wanatafuta mmoja au miwili ya maana, mingine yote inatupwa. Kisha wanaipanda tena na tena, wanaichanganya na mbegu nzuri za zamani, inaweza kufika miaka saba hadi kumi kabla mkulima hajapewa mbegu mkononi. Ndizi ambazo hazina mbegu zinapigwa zikiwa vichipukizi vidogo kwenye chupa za maabara.

Kwa hiyo chakula chenyewe kina mionzi?

Hili ndo swali la kila mtu. Jibu ni hapana, na sababu yake inaeleweka vizuri tu. Kupigwa mionzi na kubeba kitu kinachotoa mionzi ni mambo mawili tofauti. Mtu akikumulika na tochi, akizima huendelei kuwaka, lakini akikumwagia rangi utatembea nayo mpaka uoge. Miale ya gama na eksirei ni tochi. Umevunjika mguu, umepigwa eksirei, unarudi nyumbani unambeba mtoto na hamna anayekukimbia, si ndiyo? Rangi ni lile vumbi la ajali ya kinu cha nyuklia linalotua kwenye majani na udongo, hilo kweli linaingia kwenye chakula na ni la kuogopa. Nishati ya miale ya kobalti-60 haitoshi kuifanya mbegu iwe chanzo cha mionzi.

Nyutroni, vichembe vya ndani ya atomu ambavyo navyo hutumika kupigia mbegu badala ya gama, ni kesi tofauti kidogo, tusidanganyane. Zenyewe zinaweza kuziacha atomu chache ndani ya mbegu zikitoa mionzi kwa muda. Lakini zinabaki kwenye ile mbegu ya kwanza au kile kikonyo (kijitawi cha kupandikiza) cha kwanza, na zinaisha nguvu. Wewe unakula tunda la mti ambao ni mjukuu wa kitukuu wa kikonyo kilichopigwa miaka ya 1960, umejengwa na maji, hewa na udongo wa sasa.

DNA iliyobadilika si itabadilisha ya kwangu?

Kila mlo una DNA ya kutosha, na tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya vingine. Ya kwako iko salama.

Ina maana hamna hatari yoyote?

Sijasema hivyo. Cha kuuliza ni mmea mpya una nini ndani yake. Mabadiliko yakigusa jeni inayosimamia sumu za asili za mmea, sumu inaweza kupanda, au virutubisho vikashuka, au protini inayowasumbua wenye aleji ikaongezeka. Ila hii haiko kwa mionzi peke yake. Marekani waliwahi kutoa kiazi kinaitwa Lenape, 1967, kizuri sana kwa krispi, kilipatikana kwa kuchanganya na kiazi pori kwa njia ya kawaida kabisa, hamna mionzi hamna maabara ya kutisha, kumbe kina solanini, sumu ya asili ya viazi, nyingi kupita kiasi na 1970 kikaondolewa sokoni. Mimi naona Kanada wamepatia, wao wanaangalia tabia mpya ya mmea hata kama umepatikana kwa njia gani, wakati nchi nyingi zinakagua sana GMO (mazao yaliyobadilishwa jeni maabara) halafu mbegu ya mionzi inapita bila kuulizwa.

Kwani hii si GMO?

Kwa maana ya mtaani, hapana, hakuna jeni ya kiumbe kingine iliyopachikwa. Kisheria inategemea. Mahakama ya Ulaya Julai 2018 ilisema mimea ya namna hii kisheria ni GMO, ila njia za zamani zenye historia ndefu ya usalama, na mionzi imo, zimesamehewa masharti. Wanasheria bwana.

Nimeshawahi kula bila kujua?

Kuna uwezekano mkubwa. Orodha ya shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, lile la Vienna, ina aina zaidi ya 3,200, kuanzia mpunga mpaka maua ya mapambo. Creso, ngano ya tambi ya Italia iliyotoka 1974, ina ukoo huo. Calrose 76, mpunga mfupi wa California, nao ni wa gama. Shayiri ya Golden Promise ilipendwa sana na wapika wiski wa Scotland. Kenya 2014 wakatoa Eldo Ngano 1 kupambana na kutu ya shina aina ya Ug99, ugonjwa unaoweza kumaliza shamba zima la ngano. Na yale mabalungi mekundu ya Texas, Rio Red ya 1984, yalitokana na nyutroni.

Natumia dawa za kolesto na nimekatazwa balungi. Ni sababu ya hiyo mionzi?

Hapana, na nashukuru umeuliza maana watu wanachanganya. Balungi lolote, jeupe au jekundu, lililopigwa mionzi au la, lina kemikali zinazozuia kimeng'enya cha kwenye utumbo kinachovunja dawa fulani, matokeo yake dawa inaingia kwenye damu nyingi kuliko ulivyoandikiwa. Simvastatini ya kolesto ni mojawapo, na felodipini ya presha pia. Glasi moja ya juisi inatosha kuleta shida, na kuipishanisha na dawa kwa masaa machache hakusaidii kwa sababu kimeng'enya kinachukua siku kadhaa kurudi. Endelea kuliacha, na ukibadilishiwa dawa muulize mfamasia kama katazo bado lipo.